Shilingi Kumi, Kilo Zako

Mizani yangu ni ya bafuni, rangi ya samli,
kioo kimepasuka pembeni, na mshale wake una haya:
hutikisika kwanza, ndipo utulie,
kama mtu aliyeulizwa umri wake mbele ya wageni.
Naiweka juu ya katoni, nje ya duka la dawa,
kwenye barabara inayoteremkia stesheni ya Nakuru,
saa mbili asubuhi, kabla vumbi halijaamka.

Shilingi kumi. Viatu uvue, usivue, shauri yako.
Nasoma namba, naiandika kwenye kikaratasi,
naikunja mara mbili, maana uzito wa mtu ni siri yake.
Namba ni yako, nenda nayo.
Yaliyobaki ni yangu.

Huyu wa koti la kijivu: sabini na nne.
Nadhani nne kati ya hizo ni funguo.
Nilizisikia zikigombana mfukoni. Nyumba ngapi, bwana,
au ni nyumba moja yenye milango ambayo mkeo haijui?
Nikambatiza Ambetsa. Nikampa chumba kule Kaptembwo
anamofuga njiwa kwa siri,
na kila jioni huwahesabu kwa Kimaragoli,
kwa sababu kwa Kiswahili huwa hawatimii.

Msichana wa sare ya shule, begi mgongoni.
Nikamwambia, weka mzigo chini, mama.
Akakataa. "Nipime nalo."
Nikampima nalo: arobaini na sita.
Usiku nikakosa usingizi.
Kuna nini ndani ya begi
ambacho mtoto anataka kihesabiwe kuwa yeye?

Vijana wawili walipanda pamoja, wamekumbatiana wasianguke,
wakacheka hadi mshale ukakataa kusimama.
Hao sikuwatungia kitu.
Walikuja na hadithi yao.

Halafu mama wa Ijumaa.
Sweta ya manjano, kifungo kimoja cha kuazima.
Nikamwita Chepng'eno, bila kumuuliza.
Sitini na moja.
Ijumaa ya pili, hamsini na tisa, nikamwandalia harusi:
gauni linaning'inia kwa fundi wa Bondeni,
limebana kiunoni, naye analifuata polepole.
Ijumaa ya tatu, hamsini na sita na nusu.
Harusi nikaichana.
Nikamtafutia mbio za masafa marefu, mfungo, deni,
chochote kile chenye mwisho wa kueleweka.
Ugonjwa ukabisha hodi kwenye hadithi;
nikajibu, hakuna mtu nyumbani.

Ijumaa ya nne hakuja.
Ijumaa ya tano alikuja, akapanda,
akafumba macho kama anayechomwa sindano.
Nilisoma. Nikashika kalamu.
Nikaongeza kilo mbili.
Ndiyo hadithi fupi kuliko zote nilizowahi kutunga.

Akakunjua kikaratasi palepale, jambo wasilofanya watu.
Akatazama namba. Akatazama mshale, yuko bado juu yake.
Akanitazama mimi.
"Mwalimu," akasema, "hata shuleni
ulikuwa ukiwaongezea watoto maksi?"

Mimi sijawahi kufundisha.
Miaka kumi na minane nililinda ghala la ngano Njoro,
rungu, tochi, na panya niliowajua kwa sura.
Lakini yeye, kwa namna ninavyoshika kalamu,
kwa karatasi ninavyoikunja,
alikuwa amenijengea shule huko Rongai,
darasa la watoto sitini, madawati hayatoshi,
mkuu wa shule tuliyekosana naye juu ya jambo la haki.
Ijumaa zote hizo, kumbe tulikuwa tukipimana.

Ningemsahihisha.
"Wale wa hesabu tu," nikasema. "Darasa la sita."
Akatikisa kichwa, ameridhika,
akaniachia ishirini, akakataa chenji.

Mvua ilikuwa ikishuka kutoka Menengai. Nikafunga mapema.
Nilirudi nyumbani kwa miguu, mikono nyuma,
nikiwasahihisha wapita njia kimyakimya,
na vidoleni mwangu kitu cheupe
ambacho labda kilikuwa vumbi.